Mgongo wa Dereva

Hospitali nzima ilimwita Dereva, ingawa madereva walikuwa kadhaa. Wengine waliitwa kwa majina yao au ya watoto wao. Yeye alikuwa Dereva tu, na ukimtafuta ungemkuta amesimama nyuma ya stoo, kando ya gari la wagonjwa, mkono mmoja juu ya boneti kama mtu aliyeshika bega la rafiki. Nasema amesimama kwa sababu hakukaa. Benchi lilikuwapo, wenzake walilikalia wakicheza drafti, naye akiwaangalia kutoka juu na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Mwaka 2012, nilipohamishiwa Kasulu nikitokea Singida, niliona kusimama kule nikadhani ni bidii ya kazi. Nikamsifu mbele ya metroni. Metroni akanitazama, akasema, "Si bidii hiyo, Sista. Akikaa, kuinuka ni kazi."

Ndiye aliyenifundisha salamu ya Kiha. Kila asubuhi alinisimamisha mlangoni, akasema "Mwakeye," akangoja nijibu, na nikikosea lafudhi hakunipisha mpaka nirudie. Alikuwa na uso mkavu. Wageni walimwogopa. Ilinichukua muda kujua kwamba pale alipokuwa mkavu zaidi ndipo alipokuwa anatania.

Nilisafiri naye sana, maana nilikuwa muuguzi wa kusindikiza rufaa. Barabara ya Kasulu kwenda Kibondo wakati ule ilikuwa vumbi kiangazi na matope masika, na mashimo yake aliyajua kama mtu anavyojua meno yake mwenyewe. Akiwa amebeba mtu wa ajali anayevuja damu, alikwenda kasi mpaka nashika dirisha. Akiwa na mama mjamzito alikwenda taratibu hata bodaboda zikatupita. Kabla hatujaondoka alinigeukia na kuniambia maneno yale yale: "Huyo mama akilia, niambie. Asipolia, niambie upesi zaidi."

Alikuwa na sheria zake kuhusu lile gari. Hapandi kuku, haupandi mkaa, hapandi ofisa anayeomba lifti hata awe na tai. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, Haji mwenye duka la dawa, mtu aliyeheshimiwa na wote, aliwahi kumwomba amchukulie katoni mbili tu kutoka Kibondo. Dereva akamwambia, "Haji, ukiugua nitakuchukua wewe. Katoni hazijaugua." Lakini mgonjwa akifia hospitalini na ndugu wakiwa wamesimama nje hawajui watamfikishaje nyumbani, Dereva alipotea na gari bila ruhusa. Akirudi, akaitwa ofisini kujieleza, alisema, "Nilimleta mimi. Nimemrudisha mimi." Alipewa onyo, akalisikiliza kwa adabu, na baada ya muda akafanya tena.

Mgongo wenyewe alikuwa akiuficha, na kwa kuficha alikuwa fundi. Nyuma ya kiuno, kwenye kiti chake, aliweka kitenge kilichokunjwa. Ukimuuliza alisema kiti kimechakaa. Kushuka alishuka kinyumenyume, ameshika mlango, kama anayeshuka ngazi. Katikati ya safari, tukiwa hatuna mgonjwa, alisimamisha gari, akashuka, akalizunguka polepole, mara akainama kidogo, mara akajinyoosha, macho kwenye matairi. "Nalisikiliza," alisema. Nami nilikaa mle ndani nikiamini kweli gari lina tatizo.

Siku moja alikuwa akibadilisha tairi uwanjani, akainama, hakuinuka tena. Akalala chali juu ya changarawe. Watu wakasogea, naye akawaambia kwa sauti kubwa kwamba anaangalia uvujaji wa oili. Watu wakacheka, wakaenda zao. Mimi nilibaki, kwa sababu niliona jasho kwenye paji lake na asubuhi ile kulikuwa na ubaridi. Nikapiga magoti, nikauliza, "Dereva, oili inavuja wapi?" Akafumba macho. "Kwenye mguu wa kushoto, Sista. Inashuka mpaka kwenye kidole."

Alikuwa akimeza vidonge vya maumivu kama mtu anayekula karanga. Alinunua huku na huku ili asionekane ananunua vingi. Kifuani na kiunoni alikuwa na alama za chale, na mviringo wa pembe za kuumika, maana alikwishazunguka kwa waganga wa Heru Juu na wa mbali zaidi. Mwisho wake, mwaka 2013, alitapika damu. Vidonge vilikuwa vimemchoma tumbo. Akalazwa kwenye wodi alimokuwa akipeleka wengine, na kwa siku zote alizokuwa pale hakutaka apelekwe popote kwa kitanda cha magurudumu. Alitembea mwenyewe, mkono kwenye ukuta.

Hapo ndipo daktari wetu alipoamua jambo ambalo hatukuwa tumezoea. Alikuwa kijana wa Mbeya, mpole, na alisema mgonjwa wa maumivu ya siku nyingi akizungushwa dirisha hili na dirisha lile atarudi na mifuko ya dawa na maumivu yake. Akataka tukae naye pamoja. Tulikuwa watatu. Daktari mwenyewe, mimi, kwa kuwa nilisomea ushauri nasaha, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama wa Tanga aliyeolewa Kasulu, mtu wa maneno laini na mikono migumu. Dereva alimwita Bibi Viungo siku ya kwanza tu, na jina likashika.

Tulikutana naye kwenye chumba kidogo nyuma ya famasi. Aliingia, akatutazama mmoja mmoja, akagoma kukaa.

"Mnataka kunigawana kama nyama ya sikukuu?" aliuliza.

"Hapana, mzee wangu," Daktari akajibu. "Ndiyo maana tumekaa pamoja. Tusikugawane."

Alikuwa amepigwa picha Kigoma. Daktari alimwonyesha ile picha dirishani, akamweleza kwamba kuna mahali pamechakaa, kama inavyochakaa kwa watu wengi wa umri wake, lakini hakuna cha kupasua wala cha kutoa. Nilidhani atafurahi. Uso ulimwanguka. Alikuwa ametamani kiwepo kitu, kitolewe, kiwekwe kwenye sahani, akione.

"Sasa kama hakuna kitu, kinachouma ni nini?"

Daktari alijitahidi. Alisema mwili ukiumia hupiga kelele ili tuusikilize, na wakati mwingine kidonda hupona lakini mishipa ikaendelea kupiga kelele, imezoea. Dereva alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kofia yake.

"Kwa hiyo mnasema nadanganya."

Alikuwa amefika mlangoni pale Bibi Viungo aliposema, bila kuinuka, "Baba, maumivu ni ya kweli. Hakuna aliyesema ya uongo. Mimi nimekutazama unavyoshuka kwenye gari. Huwezi kuigiza vile." Dereva akasimama akitupa mgongo. Akasema, "Basi nifundishe kushuka." Tukaanza hapo.

Hakuwa mgonjwa rahisi. Mazoezi aliyafanya mbele ya Bibi Viungo akaapa anayafanya na nyumbani, naye Bibi Viungo akigusa misuli yake alijua kama ni kweli. "Misuli yako inakusengenya, baba," alimwambia. Aliona aibu kulala kwenye mkeka mbele ya mwanamke, akaomba mlango ufungwe, kisha akaomba ufunguliwe ili watu wasifikiri vibaya. Lakini polepole akaanza kutembea asubuhi, kutoka Heru Juu alikopanga mpaka mjini, akikataa bodaboda. Vidonge vikapungua. Aliwahi kuja kuniambia, kama anayetoa siri ya serikali, kwamba amelala usiku kucha bila kuamka.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuongea naye, na hiyo ndiyo aliyoipenda kidogo kuliko zote. Alijibu maswali yangu kwa habari za barabara. Mpaka siku moja Daktari alipouliza, akiwa anaandika, bila kutazama, "Mgongo ulianza zamani, umeshasema. Lakini ulianza lini kuuma kila siku?"

"Tangu Mtabila ifungwe," alisema.

Daktari akaacha kuandika. Dereva akanitazama mimi. "Sista alikuwepo," akasema.

Nilikuwepo kweli. Mwisho wa 2012, kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa, nao Warundi wakarudishwa kwao, gari letu lilipewa kazi ya kusindikiza wasioweza kukaa kwenye mabasi. Siku hiyo tulimpeleka mzee mmoja aliyepooza miguu. Alikuwa na binti yake, mwanamke wa makamo, aliyekaa njia nzima ameshika kichwa cha baba yake kisigonge. Mvua ilikuwa inanyesha. Mpakani matope yalikuwa mengi, machela ikawa inazama, na Dereva akamchukua yule mzee mikononi, akambeba mwenyewe mpaka kwenye basi la upande wa pili. Nilimwona akiyumba, akishika mlango wa basi, akibaki pale muda. Kisha akamwambia yule mwanamke, "Jifunike, huko kuna baridi." Naye akajibu, "Na wewe ule." Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu nikiwa nakunja shuka, sikuyajali. Nilidhani ni wema wa kawaida kati ya watu wasiojuana.

Alikuwa mke wake. Walikuwa wameishi pamoja Heru Juu miaka mingi, bila cheti cha ndoa, kwa sababu mwanamke kwa sheria alikuwa mkimbizi wa kambini. Hawakujaliwa mtoto. Alinisimulia haya baadaye, sisi wawili, akiwa amesimama dirishani.

"Ulimwambia abaki?" nilimuuliza.

"Ningemwambiaje? Baba yake hakuwa na mwingine. Ilikuwa lazima aende. Lakini alikuwa ananitazama, Sista. Wiki nzima ile alikuwa ananitazama. Nadhani alikuwa anangoja niseme baki. Na mimi nilikuwa nangoja aseme hataki kwenda. Tukangojana mpaka gari likawashwa. Na gari nililiwasha mimi."

Sikumwambia kwamba huzuni ndiyo iliyomuuma mgongo. Bibi Viungo alinionya nisithubutu kusema hivyo, na alikuwa sahihi, maana mgongo wake ulikuwa mgongo wa mtu aliyeendesha gari bovu kwenye barabara mbovu nusu ya maisha yake. Lakini baada ya siku ile Daktari alibadilisha namna ya kumuuliza. Alianza na "Habari za nyumbani," akangoja jibu.

Mwaka uliofuata tulilazimika kumwambia aache safari ndefu. Tulikaa wote watatu, na Daktari ndiye aliyesema. Mguu ulikuwa umeanza kufa ganzi, na dereva asiyehisi kanyagio ni hatari kwa aliyembeba. Hiyo hoja ya mwisho ndiyo iliyomshinda. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani, akasema asante. Walimpa kazi getini. Gari likitoka alilifungulia, na likipanda mlima wa kwenda Kibondo alibaki ameshika geti, shingo ameiinamisha, akisikiliza dereva mpya anavyobadilisha gia. "Analiumiza," alisema. Mara moja nilimkuta anafuta uso kwa kofia, akaniambia ni vumbi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri.

Kisha mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena, na watu wakaanza kurudi. Walivuka porini na vijijini, wengine Nyabibuye, wengine kwingineko, wakiwa na magodoro kichwani na watoto migongoni. Hospitali ikazidiwa, magari yakawa hayatoshi. Dereva akaja kwenye kile chumba nyuma ya famasi bila kuitwa. Safari hii alikaa.

"Nipeni gari," alisema.

Daktari alikataa papo hapo. Bibi Viungo alisema mguu umepata nafuu, labda, kama atapumzika njiani na kufanya alichofundishwa. Wakabishana. Dereva hakuwasikiliza, alikuwa ananitazama mimi, kwa sababu mimi peke yangu nilijua habari nzima. Mwishowe Daktari akaniuliza ninaonaje.

"Msipompa gari atakwenda kwa miguu," nilisema. "Bora aende na kitenge chake kiunoni."

Akaenda. Kwa majuma kadhaa alibeba wagonjwa kutoka mpakani, na wauguzi waliosafiri naye walinisimulia kwamba kila penye kundi la watu alishuka, akasalimia kwa Kirundi, akataja kijiji kimoja, akauliza nani katoka huko. Alishuka kama alivyofundishwa, wakasema, miguu yote miwili kwanza, halafu mwili. Njiani alisimama na kujinyoosha hadharani, hakusingizia gari tena.

Nyabibuye alimpata mwanamke aliyetoka kijiji hicho. Mwanamke yule alimtazama usoni, akamuuliza, "Wewe ndiye wa Heru Juu?" Akamwambia mkewe aliugua homa masika ya mwaka ule wa kwanza baada ya kurudi, haikuchukua muda akafariki. Kisha akamwonyesha kivulini, nyuma ya hema, mtu aliyelazwa juu ya godoro. Majirani walimbeba kwa zamu mpaka pale. Alikuwa yule mzee.

Hayo nilisimuliwa na muuguzi mwenzangu. Alisema Dereva alikwenda, akachuchumaa kwa taratibu yake, akambeba mzee mikononi kama alivyombeba ile mara ya kwanza, akampandisha kwenye gari. Alizunguka ofisi moja baada ya nyingine mpaka akaruhusiwa kukaa naye. Akaacha kazi, akahamia naye Kibondo, kwenye nyumba aliyokuwa amejijengea huko.

Mwisho wa mwaka ule nilipata uhamisho kurudi kwetu. Nikapitia Kibondo kumuaga. Ilikuwa mchana, mahindi machanga yamezunguka nyumba. Nilimkuta uani, amemaliza kumwogesha mzee, anamtoa kwenye beseni kumrudisha kwenye kiti. Niliharakisha kumsaidia. "Ngoja," akasema. Akatanua miguu, akapinda magoti, akamkumbatia mzee kifua kwa kifua, akahesabu chini kwa chini, akainuka. Uso wote ulikuwa umemjaa maumivu. Akamkalisha, akamfunika, akabaki ameshika ukuta anapumua.

"Mgongo?" nilimuuliza.

"Upo. Umekuja na mimi Kibondo." Akajaribu kutabasamu. "Mwambie Bibi Viungo nafanya kila siku. Akitaka aje aguse."

Mzee alinitazama, kisha akamgeukia yeye. Sauti yake ilikuwa nyembamba, Kiswahili cha kambini kilichochanganyika na Kirundi. "Mukwe wanje," alisema, mkwe wangu, "mwanangu hajafika?"

"Bado, baba," Dereva akajibu. "Yuko njiani."

Akanivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba mzee amepoteza kumbukumbu, kila siku anauliza hivyo, na yeye hana moyo wa kumwambia. Kumwambia mara moja angeweza, alisema. Lakini kumwambia leo, asahau, kisha kesho aulize tena, amwambie upya? Nilimwambia tu kwamba namwona amechoka, na kwamba kudanganya kila siku nako ni mzigo.

Tulikula. Mzee alikula vizuri. Baada ya chakula akauliza tena, "Mukwe wanje, mwanangu hajafika?"

Dereva akaweka bakuli chini. Alinitazama, akatazama mahindi, kisha akasema, "Baba, hatafika. Alifariki. Masika yale mliporudi."

Mzee hakushtuka. Alikaa akimtazama kwa macho ya mtu timamu kabisa.

"Najua," alisema. "Nilikuwepo akizikwa. Nilibebwa mpaka kaburini, udongo wa kwanza niliutia mimi." Akakusanya pumzi. "Wewe ndiye nilidhani hujui. Kila siku naona unanibeba, unaumia, unangojea mke wako. Nikawa nauliza, labda utasema umesikia. Sikuweza kukuambia mimi."

Dereva aliteremka taratibu kutoka kwenye kigoda mpaka chini kabisa, akakaa kwenye udongo, miguu imenyooka mbele yake, kama mtoto. Nikainuka, nikamshika mkono ili nimsaidie.

"Niache kwanza, Sista," akasema.

Nikachukua vyombo, nikaenda kuviosha upande wa jikoni. Kutoka kule nilimsikia mzee akilitaja jina la binti yake. Miaka yote ile Dereva alikuwa hajawahi kulitaja mbele yangu. Baada ya muda nikamsikia naye akilitaja, kwa sauti ya chini, kisha mzee tena, kisha yeye. Nilikaa jikoni na vyombo vilivyokwisha kuoshwa mpaka waliponyamaza.